Mama Turubai, Mwenye Malori ya Jeshi

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliokuja kumsindikiza mama yetu, familia inawaomba uvumilivu kidogo, kwa kuwa maisha ya marehemu hayasimuliki kwa pumzi moja, na yeye mwenyewe alichukia maneno yaliyoishia katikati kama alivyochukia boliti iliyokazwa nusu.

Marehemu, ambaye sote tulimzoea kwa jina la Mama Turubai, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, baba yake akiwa mchochea moto wa gari moshi na mama yake mshonaji wa magunia, na inasemekana alikuja duniani na kilio kikali kiasi kwamba shangazi yake alisema huyu mtoto amekuja na honi yake. Akiwa na umri wa miaka tisa aliifungua cherehani ya mama yake mpaka skrubu ya mwisho, mama aliporudi kutoka sokoni akaikuta yote imelala kwenye beseni la mafuta ya taa, akamwambia, "Isiposhona hii, wewe utashona magunia kwa mkono mpaka uolewe," binti akakaa chini akaiunganisha, cherehani ikashona, tena bila kelele yake ya zamani, na skrubu moja iliyobaki haijajulikana kazi yake mpaka leo.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi ya watoto wa wafanyakazi wa reli kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, kisha akajiunga na chuo cha ufundi cha wasichana, ambako alimaliza mwaka 1968 akiwa wa kwanza katika ushonaji na wa mwisho katika kutarizi, na mwalimu wake alipomuuliza sababu, alijibu kwamba ua la uzi kwenye kitambaa cha meza halijawahi kumkinga mtu na mvua.

Tarehe 3 Februari 1970 aliajiriwa kama mshonaji raia katika karakana ya magari ya jeshi, katika chumba cha maturubai, chumba kirefu chenye meza moja inayoanzia mlangoni na kuishia ukutani, cherehani tatu za chuma kizito, harufu ya nta, na dirisha lisilo na kioo lililotazama upande wa pili, kwenye banda la injini. Dirisha hilo ndilo lililomharibia utulivu. Mikono yake ilishona turubai, masikio yake yakawa kule, na haukupita muda mrefu akaanza kuzishona bure ovaroli zilizochanika za mafundi wakati wa mapumziko ya mchana, kwa sharti kwamba kila ovaroli ilipwe kwa somo. Fundi mkuu wa banda lile, sajini mmoja mwenye masharubu kama brashi ya waya, alimwita akamuuliza mbele ya wote, "Wewe binti, sindano yako na spana yangu vina undugu gani?" naye akajibu, "Vyote vinaunganisha vilivyoachana, mzee wangu," mafundi wakacheka, sajini akajaribu kutocheka akashindwa, akamtupia kabureta chafu na kumwambia aioshe, na kuanzia siku ile mpaka sajini yule alipostaafu, marehemu alikuwa mshonaji asubuhi na mwanafunzi wa injini mchana, akafikia kuishusha gia boksi na kuirudisha mahali pake bila kuuliza.

Katika miaka ileile, marehemu alifunga ndoa na mwokaji wa mikate, mzee wetu aliyekaa hapa mbele, Jumamosi ya tarehe 14 Desemba 1974, baada ya urafiki ulioanza pale mwokaji alipopeleka turubai la kibaraza cha duka lake kushonwa, likashonwa, likachanika tena, likashonwa, likachanika tena, mpaka marehemu akamwambia kwamba turubai imara kiasi kile haliwezi kuchanika mara tatu kwa mwezi bila msaada wa kisu, na kama ana la kusema aseme, aache kutesa kitambaa. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kiume mwaka 1975, wa pili wa kike mwaka 1978, na kitinda mimba wa kike mwaka 1983, ambaye alizaliwa nyumbani mvua ikinyesha, akapokelewa na jirani yao wa nyumba ya mkabala, mkunga wa zahanati, mwanamke aliyekuwa kwa marehemu zaidi ya ndugu, wakiazimana chumvi, mwavuli na siri, isipokuwa siri moja ambayo tutaifikia.

Wazee mliopo hapa mnaikumbuka miaka ya amri ya kutotoka nje, nayo ilikuta marehemu yuko kazini. Siku moja ililetwa amri katika chumba cha maturubai kwamba malori kadhaa ya magurudumu sita yatengenezewe mapazia mapya ya nyuma, yasiwe na dirisha, na kamba zake zifungwe kwa nje, na marehemu akayashona, kwa kuwa alikuwa mshonaji na hiyo ilikuwa kazi ya siku hiyo, na kwa kuwa pale hakuna aliyeuliza. Hakulizungumzia jambo hilo nyumbani kwa miaka mingi, lakini mzee wetu anasema kwamba katika kipindi kile mkewe akirudi kutoka kazini alikula kimya, yeye ambaye kula kimya hakukuwa tabia yake.

Karakana ilifungwa mwaka 1988, na mwezi Juni mwaka uliofuata magari yake mabovu yakapigwa mnada, na hapa ndipo inapoanza habari iliyomfanya mama huyu ajulikane hata na watu ambao hawajawahi kumwona. Mzee wetu alikuwa amejinyima ili anunue kigari kidogo cha kusambazia mikate, na kwa kuwa mkewe ndiye aliyejua magari, alimtuma yeye mnadani, akakaa kibarazani akisubiri pikapu, na alasiri akaona trekta likikunja kona polepole, nyuma yake mnyororo, na nyuma ya mnyororo lori la jeshi la magurudumu sita, halina injini, halina milango, halina taa hata moja, na mkewe amekaa kwenye usukani amenyooka kama bibi harusi. Mzee aliuliza, "Mama watoto, hii mikate tunapeleka dukani au tunapeleka vitani?" na marehemu akajibu, "Baba watoto, pikapu zilikuwepo, lakini hili lilikuwa linaenda kukatwakatwa." Mzee hakuongea naye mpaka kesho yake jioni, na hapo aliongea tu kwa sababu lori lilikuwa limeziba mlango wa jiko la mikate na ilibidi waulizane nani atalisukuma.

Miaka iliyofuata, watoto walikua wakijua kwamba mama yao hawezi kupita mahali penye chuma kilichozeeka bila kusimama. Boneti ya lori aliikuta imefunika kisima cha mtu, akamjengea mtu yule mfuniko wa saruji ndipo akaichukua. Rimu moja aliikuta imening'inizwa kwenye mti wa shule ikiwa ndiyo kengele, akamfuata mwalimu mkuu, wakajadiliana kwa heshima zote, na shule ikapata kengele ya shaba yenye mlio mtamu, ingawa wanafunzi wa wakati ule walilalamika kwamba mpya inasikika mpaka mtoni, ile ya zamani mtu aliweza kujifanya hakuisikia. Injini aliipata kwenye mashine ya kusaga nafaka iliyokufa, akaisafirisha kwa mkokoteni, akaifungua kwenye meza ya chakula, na kwa muda mrefu familia ilikula kibarazani, na mgeni aliyeuliza kwa nini, mzee wetu alimjibu kwamba mezani kuna mgonjwa.

Jambo alilolishikilia kuliko yote lilikuwa rangi. Alikwangua bodi kwa msasa tabaka baada ya tabaka, mpaka akaifikia ile kijani ya mwanzo chini ya zote, akachanganya rangi kwenye makopo ya maziwa akilinganisha na kipande kile, akaikataa, akachanganya tena, na mpwa wake mmoja wa kike alipomwambia, "Mama, kijani ni kijani," alimwambia, "Basi mwanangu, na mwanaume ni mwanaume, mbona ulimkataa yule wa duka la viatu?"

Jumamosi ya tarehe 12 Machi 1994, saa nne asubuhi, lori liliwaka. Marehemu alilitoa uani, watoto wa mtaa wakakimbia nyuma wakishangilia, mzee wetu amepanda pembeni na kofia yake ya uokaji, honi inalia, na mkunga, ambaye alikuwa akianika nguo mbele ya nyumba yake, aligeuka, akaliona linakuja, akaanguka chini palepale, akajikunja chini ya kamba ya nguo huku amefunika kichwa kwa mikono miwili. Marehemu alizima injini katikati ya barabara. Alishuka, akakaa naye chini vumbini, akamshika, na rafiki yake hakusema neno lolote zaidi ya, "Liondoe, liondoe, liondoe," na likaondolewa, likasukumwa kwa mikono lisije likanguruma tena, na watoto waliokuwa wakishangilia wakasaidia kulisukuma bila kuelewa.

Ndipo ile siri ikatoka, si kwa mkunga mwenyewe, bali kwa mumewe, aliyevuka barabara siku ile kuja kueleza kwamba mkewe alikuwa na kaka, mpiga chapa, aliyechukuliwa kiwandani kwake asubuhi ya siku ya kazi, akapandishwa kwenye lori kama lile, pazia likafungwa kwa nje, dada yake akiwa amesimama ng'ambo ya barabara na chakula chake cha mchana mkononi, na hakuonekana tena. Marehemu alisikiliza yote, akashukuru, akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu mnada, wiki nzima ilipita bila yeye kushika spana.

Baada ya hapo alitoka akanunua makopo ya rangi ya njano, njano ya mahindi, akayapanga kando ya lori, akachukua brashi. Kila mwenye kumjua anafahamu uamuzi ule ulimgharimu nini, kwa kuwa alikuwa ameitafuta kijani ile kama mtu anavyotafuta pete iliyoangukia mchangani. Alikuwa amekwisha kukoroga kopo la kwanza pale mkunga alipoingia getini, amejifunga khanga kiunoni, akasimama akaitazama njano, akalitazama lori, akauliza, "Unafanya nini, Mama Turubai?" Marehemu akasema, "Nalibadilisha, dada, usilione tena lile." Mkunga akatikisa kichwa. "Usilipake. Ukilipaka watasema niliota. Miaka yote hii naambiwa hakukuwa na malori, hakuna aliyechukuliwa, kaka yangu alikimbilia nchi za watu akatusahau. Hili hapa. Liache lilivyo."

Kisha akazunguka nyuma, akagusa pazia, ambalo marehemu alikuwa amelishona upya kwa kipimo kilekile cha zamani, akauliza, "Na haya, nani alikuwa anayashona?" Kulikuwa na majibu mengi ya karibu, na marehemu hakuchukua hata moja. Alisema, "Mimi, dada. Nilikuwa mshonaji pale." Mkunga aliliachia pazia, akaenda zake bila kuaga, na mlango wa nyumba yake haukufunguliwa kwa marehemu siku hiyo, wala wiki hiyo, na mzee wetu anasema alimwona mkewe akikaa kibarazani jioni zote akiutazama mlango ule bila hata kujifanya anafanya kitu kingine, na alipomshauri aende akabishe hodi, alijibu kwamba huo si mlango wa kubishwa, ni wa kusubiriwa.

Ulifunguliwa siku mkunga mwenyewe alipokuja na kigoda chake, akakiweka nyuma ya lori, akakipanda, akashindwa kufika juu, akamwita mwenye lori kwa sauti ya kuamrisha ambayo akina mama wote aliowazalisha wanaijua, "Njoo unisukume, umesimama hapo unatazama nini?" Marehemu alimsukuma, akapanda naye, wakakaa kwenye benchi la ubavuni, wanawake wawili wa makamo ndani ya lori lililosimama, na hakuna aliyejua walichozungumza, ila waliposhuka, marehemu alichukua brashi nyembamba na rangi nyeupe, akaandika ndani ya ubavu wa lori jina la yule mpiga chapa na mwaka aliochukuliwa, na lile pazia lililofungwa kwa nje akalikata katikati, akatia dirisha. Hilo ndilo jambo pekee katika magari yake yote ambalo halikuwa kama lilivyotoka kiwandani, na wataalamu wa magari ya kale walipokuja baadaye wakamwambia kwamba dirisha lile ni kosa, alikuwa akiwajibu, "Kosa lilikuwa lile lisilo na dirisha."

Habari zilisambaa, wakaja watu wengine, kwanza mmoja mmoja, kwa haya, wakiwa na majina ya baba zao na waume zao, na marehemu aliyaandika kwa mwandiko ule ule, bila kumhoji mtu, bila kumharakisha anayelia. Yakaja pia malori mengine, maana anayejulikana kwa kupokea mayatima haishiwi watoto, mengine akiyavuta kutoka mashambani, mengine akiyakuta yamegeuzwa mabanda ya kuku, mpaka yakafika kumi na moja, yote yakiwaka, yote yakitembea, na banda la kuyahifadhia likajengwa nyuma ya tanuri la mikate, kiasi kwamba mikate ya mzee wetu ilisifiwa kwa ladha ambayo wateja walidhani ni siri ya unga. Wasichana waliokuja kujifunza kwake leo wana karakana zao, na baadhi yao wamekaa hapa wakiwa na ovaroli safi, kama walivyoelewana, kwa heshima yake. Na binti yake mkubwa alipoolewa mwaka 2001, alikataa gari la kukodi, akapelekwa na lori la kijani lililopambwa utepe mweupe, kwaya yote ikiwa nyuma inaimba, mkunga akiwa mbele katikati ya dereva na bibi harusi, akishikilia maua kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akipiga honi kila walipokuta mtu barabarani, na hata walipokosa mtu.

Mwaka 2004 marehemu alialikwa kuongoza msafara wa magari ya kale katika sherehe za jubilei ya jeshi, heshima ambayo raia hakuwahi kupewa, na familia ilifurahi mno, nguo zikashonwa, lakini siku mbili kabla, mwandalizi mmoja alifika akakagua, akaomba kwa upole kwamba yale maandishi ya ndani yafunikwe na turubai kwa siku hiyo moja tu, watoto wasije wakauliza maswali. Marehemu alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mwanangu, mimi nimefunika vya kutosha. Kama majina hayaendi, na gari haliendi." Mwandalizi akaondoka, nguo zikarudishwa kabatini, mzee wetu akasema basi tutakula mikate yetu nyumbani. Siku ya sherehe asubuhi alifika afisa mkuu wa maandalizi mwenyewe, akapanda nyuma ya lori akiwa na sare zake zote, akayasoma majina yale moja baada ya jingine kwa sauti, akashuka, akamfungulia marehemu mlango wa dereva. Walipopita mbele ya jukwaa kuu, nyuma ya lori pazia lilikuwa wazi, na kwenye mabenchi walikaa wenye majina, maana yake waliobaki nyuma yao, wajane, watoto na dada, wamevaa walivyopenda, na wengi wa waliokuwa jukwaani wakasimama. Picha ya siku ile iko pale mlangoni, mnaweza kuitazama mkitoka.

Kuhusu maradhi, marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2021, akawa anavimba miguu na kukosa pumzi, akatibiwa katika hospitali ya wilaya na baadaye ya rufaa, na daktari wake alipoanza kumweleza kwa maneno ya kuzunguka, alimkatiza, "Daktari, usinipake grisi, niambie pampu imefikia wapi," daktari akamwambia, "Mama, imechoka," akasema, "Imefanya kazi, acha ichoke." Aliendelea kwenda bandani akiwa amekaa kwenye kiti, akisikiliza injini na kusema kipi kimelegea, mpaka mwezi Januari mwaka huu alipolazwa, na mwishoni mwa Februari akaomba arudishwe nyumbani, akalazwa kwenye chumba cha mbele, mkunga akihamia upande wa pili wa kitanda, akimgeuza na kumwosha, na kumfokea pale alipokataa dawa.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, mzee wetu aliingia na chai, marehemu akamuuliza kama mikate imekwenda, akajibiwa imekwenda, akauliza gari lililoipeleka liliwaka vipi, mzee akasema liliwaka kwa jaribio la kwanza tu, akasema, "Mwongo wewe," akacheka, akageukia ukutani kupumzika, na kabla ya adhuhuri akawa ametutoka, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na malori kumi na moja ambayo familia imekubaliana kwa kauli moja kwamba hayatauzwa, na banda litabaki wazi kwa kila mwenye jina la kuandika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili kwa kumwambia ukweli na kumtunza kwa upendo, inawashukuru majirani waliopika, waliochota maji na waliovumilia moshi wa dizeli kwa miaka thelathini, wafanyakazi wenzake wa zamani wa karakana waliosafiri kutoka mbali, mafundi wasichana wake, wauza vyuma chakavu waliokuwa wakimpigia simu kwanza kabla ya kupima kilo, na wewe, Mama Mkunga, ambaye kwako hatuna shukrani inayotosha, tunakuomba tu uendelee kutufokea.

Mke wa mwokaji, mama yetu, bibi yetu, fundi wetu, kazi imekwisha na imekwisha vizuri. Vua ovaroli, nawa mikono, pumzika kwa amani.